Mipaka ya Mfumko: Makisio ya Uvutano wa Kikwantamu na Mwanzo wa Ulimwengu

Watu wa wilaya ya Ngorongoro wamekwisha zoea kusikia umri wa vitu ukihesabiwa kwa mamilioni ya miaka, maana nyayo za Laetoli, ambazo Mary Leakey na wenzake walizifukua mwaka 1978, na ambazo zilipigwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, zimo katika ardhi yao. Walakini uko ushuhuda mkongwe kuliko huo mara elfu tatu na zaidi, usiofukuliwa kwa jembe wala sururu, unaoteremka kutoka mbinguni usiku na mchana juu ya kila paa la kijiji cha Samunge wilayani humo kama unavyoteremka juu ya kila paa la dunia. Ushuhuda huo ni mnururisho wa mikrowevu, mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 tu, ambao umesafiri takriban miaka bilioni 13.8 hata ukatufikia umepoa kabisa, umebakiwa na nyuzi 2.7 juu ya sufuri halisi. Jicho haliuoni, lakini antena huusikia. Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza habari zake mwaka 1965, na tangu hapo umepimwa na setilaiti tatu mashuhuri, COBE iliyorushwa mwaka 1989, WMAP mwaka 2001, na Planck mwaka 2009, na zote zimetoa ushahidi mmoja: joto lake ni sawasawa pande zote za mbingu, isipokuwa hitilafu ndogo mno za kiasi cha sehemu moja katika laki moja.

Maelezo bora tuliyo nayo juu ya asili ya usawa huo na hitilafu hizo ni nadharia ya mfumko wa ulimwengu. Swali la uchambuzi huu ni kama maelezo hayo yanapatana na yale ambayo uvutano wa kikwantamu unadhaniwa kuyaruhusu, maana tangu mwaka 2005, na hasa tangu mwaka 2018, baadhi ya wanafizikia wakubwa wamekuwa wakidai, kwa kutegemea makisio mbalimbali, kwamba mifano mingi ya mfumko, ijapokuwa hesabu zake zaonekana safi, haiwezi kuwa kweli katika ulimwengu wowote ambao uvutano wake unatii sheria za kwantamu. Dai hilo ni zito. Likiwa sahihi, linafuta kazi ya miaka arobaini. Likiwa batili, litakuwa limewapotezea njia watu wengi wenye akili. Lastahili kupimwa kwa insafu, kisio baada ya kisio, kwa sababu makisio hayo hayalingani kwa nguvu wala kwa dalili.

Nadharia ya mfumko ilizaliwa kutokana na haja. Pande mbili za mbingu zinazokabiliana hazikuwa na muda wa kupelekeana hata mwali mmoja wa nuru kabla mnururisho ule haujaachiliwa, basi zilipataje kukubaliana juu ya joto moja? Alexei Starobinsky wa Moscow mwaka 1980, na Alan Guth wa Marekani mwaka 1981, kila mmoja kwa njia yake na kwa sababu zake, walifikia wazo kwamba katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza ulimwengu ulitanuka kwa kujizidisha, ukakua walau mara 10 kwa kipeo cha 26, hata pahala padogo palipokuwa pamekwisha patana joto pakawa ndipo mbingu yote tuionayo. Andrei Linde, na halikadhalika Andreas Albrecht pamoja na Paul Steinhardt, waliirekebisha nadharia hiyo mwaka 1982 na kuipa sura iliyodumu. Fahari yake kubwa, hata hivyo, haikuwa usawa bali hitilafu, kwa kuwa mitikisiko ya kikwantamu, ambayo siku zote haikosekani katika uga wowote, ilinyooshwa na mfumko ikawa mikubwa kama mbingu, na penye uzito uliozidi kidogo ndipo baadaye zilipokusanyika galaksi, nyota, na hatimaye sisi wenyewe.

Kwa kueleza namna mfumko unavyotenda kazi, Samunge yenyewe ina mfano uliotimia. Jina la kijiji hiki liliingia masikioni mwa Afrika Mashariki nzima mwaka 2011, watu walipokifuata kwa maelfu kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, lakini Wabatemi wa huko, ambao wengi huwaita Wasonjo, walikuwa tangu zamani na elimu yao nyingine, nayo ni elimu ya kuyaongoza maji ya chemchemi kwa mifereji mpaka mashambani, chini ya amri ya wazee waitwao wenamiji. Mtu wa mfereji anajua kwamba maji hayaendi ila kwa mteremko, na kwamba mteremko ukiwa mkali mno maji hupita mbio yakang'oa udongo kabla shamba halijanywa, na ukiwa tambarare kabisa hutuama yasifike kokote. Mfumko nao hutaka mteremko wa namna hiyo. Uko uga mmoja, ulioenea kila mahali, ambao nishati yake hutegemea thamani yake. Uga huo huteremka polepole katika mteremko mpole wa nishati, na wakati wote uwapo juu, nishati yake isiyopungua ila kidogo huusukuma ulimwengu utanuke. Ufikapo chini, mfumko hukoma na nishati yote hugeuka kuwa chembe na joto. Mteremko mkali hukomesha mfumko kabla haujatimiza kazi yake, na ndiyo sababu kila mtunzi wa mfano wa mfumko, kwa hesabu yoyote aitumiayo, hujikuta akitafuta mteremko mpole. Makisio ya uvutano wa kikwantamu, katika sura yake kali kuliko zote, yanamwambia kwamba maumbile hayana mteremko kama huo wa kumpa.

Mbingu zimetupa vipimo viwili vya mteremko huo. Cha kwanza huonyesha jinsi mitikisiko mipana na mitikisiko myembamba inavyotofautiana kwa nguvu; lau zingekuwa sawa kabisa kipimo kingekuwa 1, na setilaiti ya Planck ilikiona kuwa 0.965, na kosa lisilozidi sana 0.004, ingawa mwaka 2025 darubini ya ACT ya jangwa la Atacama, takwimu zake zilipounganishwa na nyingine, ilikisogeza hadi karibu 0.974. Cha pili huandikwa kwa herufi r, nacho ni uwiano baina ya mawimbi ya uvutano yaliyozaliwa na mfumko na mitikisiko ya msongamano wa vitu. Hiki hakijaonekana bado. Darubini za BICEP na Keck zilizoko Ncha ya Kusini zilitangaza mwaka 2021 kwamba r haizidi 0.036, maana yake nishati ya wakati wa mfumko haikupita kiasi cha gigaelektronivolti 10 kwa kipeo cha 16 na kidogo zaidi. Thamani ya r ndiyo roho ya mashauri yote yanayofuata, kwa kuwa humwambia mtu kwa mara moja mambo mawili: mfumko ulikuwa na nishati kiasi gani, na uga wake ulisafiri umbali gani.

Uvutano wa kikwantamu huingia katika habari hii kwa mlango wa mashimo meusi, na pwani yetu ilikuwa na sehemu yake katika kuufungua mlango huo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Waitalia waliirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kabisa kuundwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za mbinguni, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1, kilichoonekana kikipepesa kwa kasi isiyowezekana ila katika kitu kidogo mno, viliwapa wanafalaki hoja ya kwanza yenye nguvu kwamba mashimo meusi yapo mbinguni kama yalivyo katika hisabati. Miaka hiyo hiyo Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walikuwa wakionyesha, kwa kalamu na karatasi, kwamba shimo jeusi lina joto, kwamba huvukiza polepole, na kwamba husahau kila kilichoangukia ndani yake isipokuwa tungamo, chaji na mzunguko. Katika sahau hiyo ndimo makisio yetu yalimochipuka, maana kila sheria ya maumbile inayodai kuhifadhi kitu ambacho shimo jeusi hukisahau, haina budi kuvunjika.

Chanzo cha pili ni nadharia ya nyuzi, ambayo ndiyo jaribio lililokwenda mbali zaidi katika kuunganisha uvutano na kwantamu. Nadharia hiyo hudai vipimo vya anga zaidi ya vitatu tuvijuavyo, na njia za kuvikunja vile vya ziada visionekane ni nyingi kupita kiasi. Hesabu iliyotajwa mara nyingi ni 10 kwa kipeo cha 500. Mwanzoni mwa karne hii wengi waliona kwamba, kwa wingi huo, kila mfano wa mfumko utapata pahala pake mahali fulani. Cumrun Vafa wa Harvard alisimama mwaka 2005 na rai iliyo kinyume: kwamba mandhari hiyo ya mifano halali, pamoja na ukubwa wake, imezungukwa na kinamasi kikubwa zaidi, cha mifano ambayo machoni ni mizuri ila haiwezi kamwe kuunganishwa na uvutano wa kikwantamu, na kwamba kazi ya mwanafizikia ni kutafuta alama za mpaka.

Alama zilizopendekezwa tangu hapo zina daraja, na rai yangu juu ya daraja hizo naiweka wazi kabla ya kuzieleza: kadiri kisio linavyoubana mfumko zaidi, ndivyo dalili zake zilivyo chache. Yale yenye burhani zilizo karibu na yakini hayaugusi mfumko ila pembeni, na yale ambayo yangeukata shingo yameegemea mifano michache na matumaini mengi. Anayeyachanganya yote katika hukumu moja, ama kwa kuyakubali ama kwa kuyakataa, hatendi haki.

Lililo imara kuliko yote ni lile la kwamba katika uvutano wa kikwantamu hakuna ulinganifu wa ulimwengu mzima usio na uga wake wenyewe wa kuulinda. Hoja ni ile ya sahau ya mashimo meusi, na katika nadharia ya nyuzi halijapata kupingwa na mfano hata mmoja. Kwa mfumko maana yake ni kwamba haitoshi mtunzi kusema mteremko wake ni mpole kwa kuwa ulinganifu fulani unaulinda. Sharti aonyeshe ni nini kinachoulinda ulinganifu wenyewe. Jirani yake ni kisio la udhaifu wa uvutano, lililotolewa mwaka 2006 na Nima Arkani-Hamed, Luboš Motl, Alberto Nicolis na Vafa, lisemalo kwamba popote penye nguvu ya chaji haina budi iwepo chembe ambayo kwayo uvutano ni dhaifu kuliko nguvu hiyo, la sivyo mashimo meusi yenye chaji kamili yasingeweza kuvukiza na kwisha. Likitumiwa kwa chembe za aina ya aksioni, kisio hili huzuia mawimbi ya nishati yao yasiwe mapana kupita tungamo la Planck, ambalo ni takriban gigaelektronivolti 2.4 mara 10 kwa kipeo cha 18 na ndilo kipimo cha asili cha uvutano. Hapo huanguka mfano wa mfumko wa asili uliotungwa mwaka 1990 na Katherine Freese, Joshua Frieman na Angela Olinto, ambao ulihitaji upana wa mara kadhaa ya tungamo hilo. Nao, ni haki kusema, vipimo vya mbingu vilikuwa vimekwisha uweka mashakani hata bila ya msaada wa kisio lolote.

Kisio la umbali, lililoandikwa na Hirosi Ooguri na Vafa mwaka 2006, ndilo ninaloliona kuwa lenye manufaa zaidi kwa suala letu, kwa sababu lina dalili nyingi katika nadharia ya nyuzi na tena lina makali. Lasema kwamba uga hauwezi kusafiri mbali bila malipo: kila unaposogea kwa umbali wa tungamo moja la Planck, mnara mzima wa chembe zilizokuwa nzito mno hata zisihesabiwe huwa mwepesi kwa kiasi cha kujizidisha, mpaka chembe hizo hushuka na kuingia katika mambo, na hesabu aliyoanza nayo mtunzi hubatilika mikononi mwake. David Lyth alikuwa amekwisha onyesha mwaka 1997 kwamba r na umbali wa safari ya uga ni mambo yaliyofungwa pamoja, hata ikawa r ikifika 0.01 uga utakuwa umesafiri kiasi cha tungamo la Planck au zaidi. Mfano mwepesi kuliko yote, ambao nishati yake hukua kwa mraba wa thamani ya uga, ulihitaji safari ya matungamo 15 na ulibashiri r ya 0.13, na mtu akikokotoa umbali ambao uga unaweza kwenda kabla mnara wa chembe haujashuka hadi kimo cha mfumko, hupata takriban matungamo 11, iwapo kasi ya mnara ni ile ya kawaida. Kisio na vipimo vimefika hapa katika hukumu moja kwa njia mbili ambazo hazikuwasiliana, nami nakiri kwamba hakuna jambo katika suala hili lililonipa imani zaidi kuliko hilo. Eva Silverstein na Alexander Westphal walionyesha mwaka 2008 namna uga unavyoweza kuzunguka njia ile ile mara nyingi, ukapata safari ndefu katika nafasi fupi, na mjadala juu ya uhalali wa njia hiyo haujafungwa. Lakini hata watetezi wake wanakubali kwamba mnara ule lazima uhesabiwe.

Sasa twaja penye moto. Mwezi Juni 2018 Georges Obied, Ooguri, Lev Spodyneiko na Vafa walitoa kisio juu ya mteremko wenyewe: kwamba popote nishati ya uga ilipo juu ya sufuri, ukali wa mteremko ukigawanywa kwa kimo cha nishati, katika vipimo vya Planck, hauwezi kuwa chini ya kiasi fulani kisichobadilika, kinachokaribia 1. Hesabu ya kupambanua dai hilo si ngumu, na kila msomaji aliyesoma hisabati ya sekondari aweza kuifuata. Katika mfumko wa uga mmoja, r ni mara nane ya mraba wa uwiano huo. Uwiano ukiwa 1, r ingekuwa karibu 8, yaani zaidi ya mara 200 ya mpaka uliowekwa Ncha ya Kusini. Na kinyume chake, mpaka wa 0.036 wadai uwiano usizidi 0.07 hivi. Ama kisio halina nambari iliyo karibu na 1, ama mfumko haukuwa wa uga mmoja uteremkao kwa utaratibu tuujuao, ama moja kati ya hayo mawili ni batili.

Haikupita miezi mingi kabla kisio hilo halijapata pingamizi kutoka mahali pasipotazamiwa. Frederik Denef, Arthur Hebecker na Timm Wrase walionyesha kwamba uga wa Higgs, ambao chembe yake ilionekana huko CERN mwaka 2012 na ambao hakuna anayeutilia shaka, una kilele cha nishati ambapo mteremko ni sufuri kabisa, na kukiokoa kisio mbele ya kilele hicho kulihitaji mapatano yasiyo ya kawaida kati ya nyuga zisizohusiana. Mwaka huo huo Ooguri, Eran Palti, Gary Shiu na Vafa wakalilegeza: mteremko uwe mkali, au, usipokuwa mkali, basi kilele kiwe kimepinda kuelekea chini kwa kiasi kinachokaribia 1. Uga wa Higgs ukapona. Mfumko haukupona sana, maana kipimo cha 0.965 hudai mpindo wa sehemu moja au mbili tu za mia. Wapo waliojibu kwamba nyuga zikiwa zaidi ya moja, na njia yao ikiwa ya kupinda, mfumko waweza kudumu hata juu ya mteremko mkali. Na wapo waliorudia wazo la Arjun Berera la mwaka 1995, la mfumko wenye joto, ambamo msuguano hufanya kazi ambayo upole wa mteremko ungeifanya. Majibu hayo ni ya haki na yafaa kuendelezwa. Lakini jambo ambalo halikusemwa kwa sauti ya kutosha ni kwamba dalili za kisio lenyewe zilitoka pembezoni mwa mandhari ya nyuzi, mahali ambapo kila nguvu ni dhaifu na hesabu ni rahisi, ilhali ulimwengu wetu hauna sababu ya kukaa pembezoni. Shamit Kachru, Renata Kallosh, Linde na Sandip Trivedi walikwisha tunga mwaka 2003 njia ya kupata nishati chanya iliyotulia ndani ya nadharia ya nyuzi; njia hiyo imeshambuliwa kwa miaka mingi, na imetetewa kwa miaka hiyo hiyo, na hakuna upande uliotoa burhani ya kumaliza shauri.

Mwaka 2019 Alek Bedroya na Vafa walitoa kisio jingine, ambalo asili yake ni wasiwasi wa siku nyingi wa Robert Brandenberger na Jérôme Martin. Urefu wa Planck ni mita 1.6 mara 10 kwa kipeo cha hasi 35, na chini yake maana yenyewe ya umbali yashukiwa kupotea. Mfumko mrefu huyachukua mawimbi yaliyokuwa mafupi kuliko urefu huo ukayanyoosha hata yakapita upeo wa ulimwengu unaoonekana na kuganda, yakawa mambo ya kawaida ya kupimwa. Na kisio lasema kwamba maumbile hayaruhusu siri hiyo ifichuke. Bedroya na Vafa, pamoja na Brandenberger na Marilena Loverde, walipoikokotoa natija yake, walipata kwamba nishati ya mfumko haiwezi kuzidi takriban gigaelektronivolti bilioni moja, na r haiwezi kuzidi 10 kwa kipeo cha hasi 30. Hakuna kisio linalobana zaidi ya hilo, na kwa rai yangu hakuna lenye msingi mwembamba zaidi. Kuona kwamba jambo fulani lingekuwa la kusumbua ni sababu njema ya kuuliza, wala si sababu ya kutosha ya kukataza.

Hao wanaolifurahia kisio hilo si wote maadui wa mfumko kwa chuki, na mmoja wao anatuhusu. Neil Turok alizaliwa Afrika Kusini, wazazi wake wakiwa wapinzani wa ubaguzi wa rangi waliofungwa kwa ajili ya msimamo wao, na sehemu ya utoto wake akaipitisha uhamishoni Kenya na Tanzania. Mwaka 2001, pamoja na Justin Khoury, Burt Ovrut na Steinhardt, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa mfumko, alipendekeza kwamba usawa wa mbingu haukuletwa na kutanuka kwa kasi bali na kusinyaa kwa polepole kabla ya Mlipuko Mkuu. Na mfano huo haubashiri mawimbi ya uvutano yanayoweza kupimwa, kwa hiyo haupambani na makisio ya aina ya lile la Bedroya na Vafa. Turok ndiye aliyeanzisha mwaka 2003 huko Cape Town taasisi ya AIMS ya sayansi za hisabati, iliyofungua kituo nchini Tanzania mwaka 2014, na tangu mwaka 2018 Kigali nayo ina taasisi yake ya utafiti wa msingi, EAIFR, iliyo mshirika wa kituo cha Trieste kilichoasisiwa na Abdus Salam. Nayataja hayo kwa kuwa elimu hii haihitaji mitambo ya mamilioni. Yahitaji hisabati iliyofundishwa vizuri na saa za kufikiri, na kijana wa Loliondo au wa Digodigo anayeyapata hayo mawili anaweza kuingia katika shauri hili akasikilizwa.

Tahadhari, hata hivyo, yawapasa pande zote, na mfano wake ni wa karibu. Tarehe 17 Machi 2014 wenye darubini ya BICEP2 walitangaza kwamba wameyaona mawimbi ya uvutano ya mfumko, na r kuwa 0.2. Dunia ilishangilia. Lau habari hiyo ingesimama, kisio la umbali lingekuwa katika dhiki kubwa, na watu walianza mara moja kuandika makala za kulizika au za kulikwepa. Mwanzoni mwa mwaka 2015 uchunguzi wa pamoja na kundi la Planck ulionyesha kwamba kilichoonekana kwa sehemu kubwa kilikuwa vumbi la galaksi yetu wenyewe, na r ikarudi kuwa na mpaka wa juu tu, bila thamani iliyopimwa.

Upande wa pili wa hukumu umekuja kutoka wakati wetu huu wa sasa. Kisio la mteremko, likiwa kweli, linahusu pia nishati ya giza inayoufanya ulimwengu uzidi kutanuka leo, nayo haiwezi kuwa thabiti milele. Prateek Agrawal, Obied, Steinhardt na Vafa walilisema hilo mwaka 2018. Vipimo vya mradi wa DESI huko Arizona, vilivyotolewa mwaka 2024 na mwaka 2025, vikiunganishwa na vingine, vimeonyesha ishara kwamba nishati hiyo huenda inapungua. Ishara bado haijawa yakini, na nguvu yake hubadilika kulingana na orodha ya nyota zilipukazo inayounganishwa nayo. Ikithibitika, haitathibitisha kisio, maana uga uteremkao leo waweza kuwapo bila sheria yoyote ya kinamasi. Lakini itaondoa pingamizi lake kubwa, na mwenye insafu atalazimika kulipandisha daraja.

Kwa habari ya mfumko wenyewe, hukumu iko mikononi mwa darubini za Simons zilizojengwa Atacama na setilaiti ya LiteBIRD inayoandaliwa na Wajapani, ambazo zinakusudia kuitafuta r mpaka karibu na 0.001. Mfano wa Starobinsky, ulio mkongwe kuliko mifano yote na ambao umestahimili vipimo vingi, unabashiri r kati ya 0.003 na 0.004, na safari ya uga ya matungamo matano hivi, ambayo kisio la umbali laweza kuivumilia. Thamani hiyo ikionekana, kisio la Bedroya na Vafa litakuwa limekwisha, pengine pamoja na lile la mteremko katika sura yake ya kwanza, isipokuwa watetezi wao waonyeshe kwamba mawimbi hayo yalizaliwa kwa njia nyingine. Isipoonekana, hakuna kisio litakaloweza kujidai kuwa limeshinda, kwa sababu kati ya 0.001 na 10 kwa kipeo cha hasi 30 pana nafasi ya tarakimu 27, ambamo mifano chungu nzima ya mfumko yaweza kukaa salama, na hakuna darubini iliyokwisha pangwa inayoweza kufika hata nusu yake.